Jina Moja Lililobaki Mdomoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa midomo iliyonyooka, na asifiwe pia kwa huu wangu uliopinda. Wazee wangu, shikamooni. Watoto, marahaba, hata kama bado hamjaniamkia.

Kabla sijaanza naomba jambo moja. Mtaniona nagonga goti kwa mkono wa kushoto wakati nasema. Si wazimu, na si pepo. Maneno yangu siku hizi hayatoki yenyewe, lazima niyabishie hodi. Nikigonga linakuja moja, halafu lingine. Likikataa kabisa nitaliimba, kwa hiyo mkisikia ushuhuda umegeuka kwaya, nivumilieni. Katekista amenipa nafasi kabla ya matangazo na ameniomba nisiwe mrefu. Nimemwambia mtu aliyekaa bubu msimu mzima wa mavuno asiwekewe kikomo.

Mimi ni Perpetua, mke wa Gaudensi, wa pale mteremkoni unapotoka Mwazye. Wengi mnanijua. Mimi ndiye niliyekuwa naenda kuchota maji asubuhi narudi jua limesimama, kwa sababu ya maneno. Gaudensi alikuwa akinitania kwamba nikifa, mwili utazikwa leo na mdomo utazikwa kesho. Tulicheka sana utani huo. Hatucheki tena.

Sikuja kuwachekesha. Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa katika shimo, na nimekuja kwa sababu uponyaji wangu unasimuliwa vibaya katika kijiji hiki. Unasimuliwa kwa namna inayomzika mtu ambaye hajafa. Mtu huyo ni Mama Skola.

Walio wageni labda hawamjui. Mama Skola ni dada mkubwa wa mama yangu mzazi. Mama alifariki mimi sijaanza kutembea, naye akanichukua. Nililala kitanda kimoja na binti yake, Skolastika, na kwa kuwa watu wote walimwita Mama Skola, na mimi nikajifunza kumwita hivyo hivyo. Ndilo neno langu la kwanza, waliniambia. Skola mwenyewe alifariki akijifungua, lakini jina la mama yake halikubadilika. Alipokuwa mjane nilimwomba Gaudensi amjengee nyumba ndogo nyuma ya yetu, naye akajenga kwa moyo mweupe. Hapo ndipo alipoishi, anatwanga ulezi wake, anafuga kuku wake, anagombana na mbuzi wetu.

Ndugu zangu, ugonjwa huu haukuja ghafla kama tunavyosema. Ulinipigia simu mapema, mimi nikaona namba ngeni nikaacha iite. Mwaka wa kabla, nikiwa nasonga ugali, mwiko ulinitoka mkononi. Mkono wa kulia ukawa si wangu, umening'inia tu, vidole vimelala. Kabla ugali haujaungua mkono ukarudi, nikaokota mwiko nikaendelea. Siku nyingine, humu humu kanisani, jicho moja liliingia giza kama mtu ameshusha pazia, halafu pazia likapanda, na misa ikaendelea. Moyo nao ulikuwa na mambo yake tangu nikiwa msichana. Unatulia vizuri, mara unaanza kurukaruka kama kuku aliyeshikwa miguu. Nilisema ni umri, na mwili wa mwanamke anayelima hauna siku usipolalamika. Hakuna aliyejua kwamba katika dakika zile kichwa changu kilikuwa kinakosa damu.

Basi mvua zilikuwa zinaishia na tulikuwa shambani tunapiga matuta, yale ya duara ya kwetu, intumba. Mnaijua kazi ile. Unakata majani pamoja na udongo wake, unayageuza yaoze ndani, na kutwa nzima kichwa kiko chini kuliko kiuno. Mama Skola alikuwa nyuma yangu, kwa sababu hata mumwambie mara ngapi kwamba ni mzee, kubaki nyumbani wakati wengine wanalima hawezi. Nilikuta mzizi mnene umeshikilia udongo, nikanyoosha mgongo nimwite aje na jembe lake. Jina lake likafika mdomoni. Hapo hapo jembe langu likaanguka, mguu wa kulia ukakunjika, nikalala juu ya tuta nililolipiga mwenyewe.

Sikuzimia. Watu wanadhani nilizimia. Niliona mawingu, nikasikia ng'ombe wa mzee Masanja, jirani yetu Msukuma, wakipita bondeni. Mama Skola ndiye aliyenifikia wa kwanza. Alinigeuza, akanifuta udongo mdomoni kwa kitenge chake, akapiga yowe mpaka watu wakaja. Kumbukeni hilo, ndugu zangu. Aliyepiga yowe ni yeye.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu na la kuhuzunisha. Jina lile lililokuwa mdomoni wakati naanguka, ndilo pekee lililobaki. Maneno mengine yote yalikwenda. Nilikuwa nayaona, kama unavyoona kitu ndani ya maji ya kisima, lakini nikiingiza mkono napata lile lile. Binti yangu Yustina aliniuliza kama nataka uji. Nikamjibu, Mama Skola. Gaudensi aliniuliza ninaumwa wapi. Mama Skola. Waliniuliza jina langu mimi mwenyewe, nikasema Mama Skola, na machozi yakanitoka kwa sababu nilisikia kwamba nimekosea.

Halafu akaja shemeji yangu Nestori, mdogo wake Gaudensi, anayefanya biashara ya mahindi. Nestori si mtu mbaya. Ananipenda kama dada yake, na alikuja mbio akilia. Alipiga magoti kando ya mkeka, akanishika mkono uliokufa, akaniuliza kwa upole, "Shemeji, nani amekufanyia hivi?"

Nikamjibu kwa neno nililokuwa nalo.

Ndugu zangu, mnaijua desturi yetu, hata kama mbele ya padre tunajifanya hatuijui. Mtu akianguka mdomo ukapinda, hatuulizi ana nini. Tunauliza nani. Na mgonjwa akitaja jina akiwa katika hali ile, kesi imekwisha, maana tunasema roho yake imemwona aliyemshika. Nilijibu Mama Skola kwa uji. Nilijibu Mama Skola kwa maji, kwa maumivu, kwa jina langu la ubatizo. Majibu hayo yote hayakuhesabiwa. Lilihesabiwa moja.

Hospitali haikutajwa tena. Nestori alimleta mganga kutoka mbali, mtu mwenye maneno matamu, na sitasema anatoka wapi. Alinichanja chale utosini na kwenye paji kwa wembe. Akaniwekea pembe hapa kwenye kipaji akafyonza damu. Baadaye daktari alipoziona zile alama alifunga macho kidogo. Ubongo wangu ulikuwa unalia njaa ya damu, nasi tukakazana kuitoa.

Yule mganga alithibitisha walichokwisha kukiamini. Na tangu siku hiyo nyumba yetu ikabadilika. Watoto wa jirani walikatazwa kumwamkia Mama Skola. Mnaelewa maana yake hapa kwetu, mzee kupita mbele ya watoto na hakuna anayesema shikamoo? Nilikuwa nimelazwa karibu na mlango kwa sababu ya mwanga, nikamwona akipita na ndoo, anapunguza mwendo mbele ya watoto, anasubiri, halafu anaendelea. Alikuwa anasubiri kila mara. Hilo bado linaniuma kuliko wembe.

Asubuhi moja, Pasaka ikiwa imepita tu, watu walijaa uani kwetu. Baadhi yenu mlikuwepo. Sitataja mtu, maana kutaja majina kumekwisha kutuumiza vya kutosha. Walitoa bati la nyumba yake. Hawakumpiga, nasema kweli yote, hakuna aliyeinua mkono. Walimwambia tu aondoke ili mimi nipone. Gaudensi wangu alisimama kando ameinamisha kichwa, hakusema ondoka wala hakusema baki. Mama Skola aliuliza swali moja tu, kama anaweza kuniaga.

Nestori akasema, "Acha mgonjwa aseme mwenyewe."

Nilikusanya nguvu zote, ndugu zangu. Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema mwacheni, huyu ni mama yangu, alinibeba, alinilisha. Nilisukuma maneno mpaka shingo ikavimba. Na kilichotoka kilikuwa, "Mama Skola! Mama Skola! Mama Skola!"

Kadiri nilivyomtetea ndivyo nilivyomshitaki. Watu walisogea nyuma kwa hofu. Yeye alinitazama, akafunga kitenge chake, akachukua jembe na chungu kidogo, akatoka. Mzee Masanja, ambaye hakuwa ndani ya jambo lile kwa kuwa sisi Wafipa hatumwiti Msukuma kwenye mambo ya ukoo, alimpakia kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe akampeleka barabarani. Mimi nilibaki kwenye mkeka nikiendelea kuita jina lile, na hakukuwa tena na mtu wa kuitika.

Sikujua kama Mungu yupo siku zile. Nasema ukweli humu ndani ya nyumba yake. Nilikuwa kama mtu aliyezikwa huku anasikia wenzake wanagawana vyombo. Upepo wa baridi ukaanza, ule wa kwetu unaopita kwenye mifupa, watu wakaanza kuvuna ulezi, na mimi nimekaa ukutani kama gunia. Kula nilishwe. Kujifunika nifunikwe. Nilimwomba Mungu anichukue, na hata hilo niliomba kwa jina la Mama Skola, kwa sababu maneno mengine sikuwa nayo.

Lakini Mei ikafika, mwezi wa Mama Maria, na jumuiya yetu ikawa inapita nyumba kwa nyumba kusali rozari. Wakaja na kwetu. Walikaa kwenye mikeka wakanisogeza katikati. Wakaanza. Ndugu zangu, walipofika mahali ambapo wote huitikia, mdomo wangu ukaitikia! Neno kwa neno! Sala nzima, tangu mwanzo mpaka amina, imenyooka kama nilivyofundishwa na mama yangu huyo huyo jikoni kwake. Yustina aliacha rozari ikaanguka. Nikaenda nao mpaka mwisho wa fungu, machozi yananidondoka, nikijua kwamba Mungu hakuondoka. Alikuwa amejificha mle chini kabisa, mahali ambapo ugonjwa haukufika. Bwana asifiwe!

Furaha yangu haikudumu. Sala zilipokwisha nilijaribu kusema ahsanteni, nikasema Mama Skola. Na pale pale nikamsikia mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba mnaona, mchawi ameondoka na ulimi umeanza kufunguka. Wakatikisa vichwa kwa shukrani. Neema aliyonipa Mungu ikageuzwa kuwa shahidi wa uongo juu ya mama yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata nikipona, kupona kwangu kutamhukumu. Nilianza kuogopa kupona.

Haikupita muda mrefu, nikiwa nimekaa juani, jicho likaingia giza tena, lile pazia la zamani. Mkono wa kushoto, ule mzima, ukawa mzito. Ulirudi baada ya muda kidogo, lakini Gaudensi aliona yote. Mama Skola wakati huo alikuwa mbali, hata hatukujua wapi. Gaudensi alinitazama, akatazama ile nyumba isiyo na bati, na kwa mara ya kwanza nikamwona mume wangu anafikiri kwa kichwa chake mwenyewe. Hakumpigia Nestori simu. Alikodi gari, akanibeba, tukaenda Sumbawanga hospitali.

Daktari alikuwa dada mdogo, umri wa Yustina wangu. Aliniamkia shikamoo mama, akasubiri, ingawa aliona sisemi. Akaweka kipimo chake kifuani akasikiliza muda mrefu, akanigeuza ubavu akasikiliza tena. Halafu akamwambia Gaudensi kwamba kichwa kimeumia, lakini chanzo anadhani hakiko kichwani. Moyo unadunda ovyo. Sehemu moja ya moyo badala ya kusukuma inatetemeka tu, damu inatuama pale na kuganda, kisha bonge dogo linachomoka linapanda na damu mpaka kwenye mshipa wa ubongo, linaziba. Sehemu ya ubongo iliyokuwa inanyweshwa na mshipa ule inakufa. Kwangu ilikufa sehemu ya maneno na ya mkono wa kulia. Zile mara ambazo mwiko ulianguka na pazia likashuka, bonge lilipita likayeyuka lenyewe. Huo ulikuwa wakati wa kukimbilia hospitali.

Akasema si kila kiharusi kinaanzia moyoni. Wengi ni presha ambayo hawajawahi kupima, inakula mishipa polepole bila kuuma. Wengine ni sukari, wengine sigara, wengine mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya shingo. Lakini huyu, akasema, milango ya moyo wake inasikika imekakamaa, na hilo mara nyingi hutokana na ugonjwa wa utotoni unaoanzia kooni, kisha viungo vinavimba na homa. Akatugeukia. "Baba, mama huyu aliwahi kuvimba magoti akiwa mtoto? Nani anaweza kujua?"

 Gaudensi alinioa mkubwa, angejua wapi. Mama yangu mzazi yuko kaburini, Skola yuko kaburini. 

Nikasema, "Mama Skola."

Ndugu zangu, lilikuwa neno lile lile! Lakini siku hiyo lilikuwa jibu. Ni yeye aliyejua. Ni yeye aliyenibeba mgongoni magoti yangu yalipovimba, kutoka nyumbani hadi kwa masista, nikilia kila anaporuka mfereji. Daktari akauliza kama huyo Mama Skola yupo, aje. Gaudensi alikaa chini sakafuni, mwanaume mzima, akafunika uso kwa kofia yake. Alielewa yote kwa mara moja. Alielewa kwamba aliyekuwa na ufunguo wa ugonjwa wangu ndiye tuliyemfukuza ili nipone.

Alimpigia simu mzee Masanja. Mzee akamjibu kwamba mama yupo Kasesya, mpakani, anamsaidia mama mmoja kupikia madereva wa malori, analala nyuma ya banda. Alikuwa akijua siku zote. Alisema hakuna aliyemuuliza.

Mama Skola hakusubiri kubembelezwa. Alidandia lori akaja siku iliyofuata, na moshi wa lile banda bado umo kwenye nguo zake. Lakini alipofika mlango wa wodi akasimama. Hakuingia. Wagonjwa walipita, wauguzi walipita, yeye amesimama na kifurushi chake, anangoja mtu amwambie kama anaruhusiwa. Mimi nilimwona kutoka kitandani. Nikaita, na safari hii mtu akaitika.

Alimweleza daktari kila kitu, koo, homa, goti la kulia kwanza kisha la kushoto. Halafu akakaa kando yangu, akanipangusa mdomo kama siku ile ya shamba. Nilikuwa nalia kwa aibu. Alijua ninacholilia bila mimi kukisema. Akaniambia, "Nilijua hukunitaja, mwanangu. Nilijua unaniita. Hilo ndilo lililoniuma njia nzima, kwamba unaniita na mimi naenda."

Tulipelekwa Mbeya, moyo ukapigwa picha, ikaonekana ndivyo daktari alivyosikia. Kule wagonjwa wenzangu waliposikia tumetoka Sumbawanga walimtania Gaudensi, wakamuuliza radi siku hizi tunaitumaje, kwa basi au kwa simu. Mnajua watu wanavyotutania kwamba sisi sote ni wachawi. Zamani Gaudensi angewajibu mpaka wacheke. Safari hii alinigeukia akaendelea kunilisha uji.

Nilianzishiwa dawa ya kuzuia damu isigande, ninayoinywa mpaka leo, na napimwa damu kila mara ili isizidi wala isipungue. Kule Mbeya pia alikuwepo mtaalamu mmoja wa mazoezi, aliyeona kwamba nasali vizuri na naimba vizuri ila siwezi kuomba maji. Akanieleza kwamba wimbo unakaa upande mwingine wa kichwa, ule ambao damu haikukauka. Akanifundisha kugonga goti na kuupa mdomo wimbo, ili maneno yapite njia ya kuzunguka. Aliniuliza nataka kujifunza kusema nini kwanza. Akasema wengi huanza na maji, au choo, au majina ya watoto.

Mimi nilikuwa na langu. Nililifanyia kazi kutwa, siku baada ya siku, nagonga na kuimba mpaka wodi nzima ikalijua.

Tuliporudi Mwazye, Gaudensi aliita ukoo. Nestori alikuja, akakaa mbele. Nikagonga goti. Nikaimba, kwa ile sauti ya zaburi kwa kuwa sikuwa na nyingine, "Mama Skola hakuniroga." Vijana wawili walicheka, kwa sababu ni kweli inachekesha, mtu mzima anaimba kesi. Nestori hakucheka. Aliniuliza kwa nini basi nilimtaja. Nikagonga tena, "Nilikuwa namwita."  Halafu akauliza swali ambalo najua wengine wenu bado mnalo mioyoni mwenu, kwamba mbona nilianza kusema baada ya yeye kuondoka.

Sikuwa na maneno ya kutosha siku ile. Leo ninayo, nimeyatafuta miezi yote hii. Ndugu zangu, jicho langu lilipozimika mara ya pili, Mama Skola alikuwa Kasesya anageuza maandazi. Nani aliniroga siku hiyo, lori? Damu yangu ilikuwa inaganda moyoni tangu nikiwa binti. Haikujua nani anaishi nyuma ya nyumba yangu. Mungu alinipa sala mdomoni mwezi wa Mei kwa rehema zake, hakunipa kama malipo ya kumfukuza mzee. Msimsingizie Mungu.

Sijapona kabisa, msidanganyike. Mkono huu haushiki jembe. Matuta yangu mwaka huu wamepiga wengine. Nikichoka maneno yanakimbia, na kuna jioni najikuta nimebaki tena na lile moja. Ile nyumba nyuma ya yetu Gaudensi ameiezeka upya, bati jipya, amepaka na chokaa, na iko tupu. Tulikwenda Kasesya kumchukua. Alitupikia, akatuuliza habari za mbuzi, akatusindikiza mpaka bodaboda. Akasema ametusamehe, lakini pale hawezi kulala tena. Sikumlazimisha. Kuna vitu hata nikiviimba havirudi.

Namshukuru Mungu aliyenificha sala mahali ambapo mauti haikufika. Namshukuru kwa masikio ya yule daktari mdogo. Ninyi mnaosikiliza, mdomo wa mwenzenu ukipinda, mkono ukianguka, maneno yakichanganyika, hata kama yote yatarudi kabla ugali haujaiva, msiulize nani. Mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo. Kapimeni presha mkiwa bado mnacheka. Na mtumainini Mungu ambaye hahitaji mtu wa kumtupa nje ndipo aponye. Kama alinisikia nikimwomba kwa jina moja tu, tena si lake, atawasikia na ninyi.

Nimemaliza. Nilimwomba Mama Skola aje leo, mara hii moja, na amekuja. Msigeuke. Ameketi benchi la nyuma kabisa, pale penye mlango, kwa sababu siku hizi popote anapoingia anakaa karibu na mlango. Kanisa letu lina mlango mmoja, kwa hiyo tukitoka, sote tutampitia. Atazuia pumzi kidogo, atasubiri, kama anavyosubiri siku zote.

Ndugu zangu, mkifika pale, mwambieni shikamoo.